Ratiba ya mazoezi iliyonilaza barabarani

Ikiwa nyumbani kwako kuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye maneno "Mazoezi, saa kumi na moja alfajiri, kila siku," na ikiwa karatasi hiyo imeanza kupauka kwa jua ilhali wewe hujapungua hata kilo moja, hebu vuta kiti tuzungumze. Mimi pia nilikuwa nayo. Yangu ilikuwa na rangi nne.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimeishika chaki kwa miaka 22 sasa, na katika kila shule niliyopitia, kazi ya kutengeneza ratiba ya masomo huniangukia mimi. Nadhani walimu wakuu hunitazama tu wakajua. Kuhakikisha kuwa mwalimu wa Kemia hatakiwi katika madarasa mawili kwa wakati mmoja, na kwamba wanafunzi hawapewi hisabati saa nane mchana wakiwa wameshiba githeri, ni kazi ambayo wenzangu huikimbia, nami, nikisema kweli, huipenda. Ndiyo maana nilipoambiwa nifanye mazoezi ili niokoe maisha yangu, kitu cha kwanza nilichokwenda kununua hakikuwa viatu vya raba. Nilinunua karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi.

Wakati huo nilikuwa nimehamishwa kutoka Nairobi hadi Siakago, makao ya Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu. Watu wengi wa mjini wakisikia Embu hufikiria majani ya chai na baridi ya Mlima Kenya. Hiyo ni Embu ya juu. Teremka hadi Siakago na utakuta jua, mawe, migunga, mashamba ya ndengu na mtama, mbuzi wasiohesabika, na vichaka vya muguka ambavyo ndivyo vinavyolipa karo ya watoto wengi ninaowafundisha. Kando yake kimesimama kilima cha Kiang'ombe. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na wenyeji huiamini zaidi ile ya Oktoba. Katikati ya misimu hiyo, ardhi hukauka ikawa kama kigae.

Familia yangu ilibaki Umoja. Mimi nilikodi vyumba viwili katika boma la mama mmoja mzee ambaye kila mtu humwita Cucu, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye huniita Mwalimu.

Siku nesi aliponifunga kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, alitazama nambari, akanitazama, akafunga tena upya.

"Mwalimu, hii ni 168 kwa 104. Umekuja mbio?"

"La, nimekuja kwa bodaboda."

"Basi hapo ndipo taabu ilipo."

Nilicheka, lakini si kwa moyo. Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 54, na kwa miaka sita iliyofuata mkono wake wa kulia ulilala pajani kama kitu alichokabidhiwa amshikie mtu mwingine. Randa yake ilining'inia ukutani mbele ya macho yake hadi alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka 49. Hata asiyejua hisabati angeweza kufanya hesabu hiyo ya kutoa.

Nilipewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na mafuta, na nifanye mazoezi. Nikaenda zangu kupiga mistari.

Ratiba ile, msomaji, ilikuwa nzuri ajabu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kukimbia kilomita 5 (nyekundu). Jumanne na Alhamisi viungo (bluu). Jumamosi kupanda mlima (kijani). Jumapili kunyoosha misuli kabla ya kanisa (manjano). Saa kumi na moja kamili alfajiri, kila siku iendayo kwa Mungu. Kila nikimaliza nilitia alama ya vema katika mraba wa siku hiyo. Sikuacha nafasi ya mvua, ya ugonjwa, ya matanga, ya zamu shuleni wala ya wageni. Ratiba ya shule haina mraba wa matanga, kwa nini yangu iwe nao?

Na kwa siku 40 mambo yalikwenda. Nilikimbia gizani na tochi mkononi. Nilikimbia siku mbwa watatu waliponiandama. Nilikosa mazishi ya babake mwenzangu wa kazini kwa kuwa yaliangukia Jumamosi, siku ya kijani, na hadi leo naona haya kuliandika jambo hilo. Mke wangu aliponiomba nije nyumbani Ijumaa usiku nilimweleza kuwa safari ingenivurugia alama. Akanyamaza kwenye simu. Ukimya wake ulikuwa na maana, lakini mimi nilikuwa nikiitazama ile manila.

Siku ya 41 niliamka mifupa ikiniuma na meno yakigongana. Mtu mwenye akili timamu angerudi chini ya blanketi. Lakini miraba 40 ilikuwa imejaa, na ule wa 41 ulinitazama mweupe kama jicho. Nikavaa. Nikatoka.

Nakumbuka kulifikia korongo la mchanga ambalo mvua ikinyesha huwa mto na isiponyesha huwa barabara. Nakumbuka nikijiambia nifike tu kwenye mgunga ule. Halafu nakumbuka punda. Uso wa punda ulikuwa juu yangu, na nyuma yake palikuwa na kijana wa miaka kama 15 aliyekuwa akipeleka mitungi ya maji. Alinimwagia maji yaliyokuwa ya kuuza, akaishusha mitungi kando ya njia, akanipandisha mkokotenini. Hivyo ndivyo mwalimu wa hisabati alivyoingia Siakago kulipokuwa kukipambazuka, mbele ya wanafunzi wake waliokuwa wakienda masomo ya asubuhi.

Ilikuwa malaria. Mganga aliyenitibu alinieleza jambo ambalo natamani kila mwanafunzi anayejipigia mbio uwanjani alijue. Mwili ukiwa na homa, moyo tayari unapiga kwa kasi na maji yanapungua mwilini. Ukiuongezea mbio, unaubebesha mizigo miwili, na yapo magonjwa ya virusi ambayo huweza kuufikia msuli wa moyo wenyewe. Wanamichezo wana kanuni nyepesi kuhusu jambo hili: ikiwa unachougua kiko juu ya shingo, kama mafua mepesi, unaweza kutembea polepole, kikiwa chini ya shingo, yaani kifua, tumbo, maumivu ya mwili, au ukiwa na homa ya namna yoyote, lala.

Nilipopona niliing'oa manila ukutani kwa hasira, kisha nikafanya kosa la pili, ambalo nadhani ndilo kosa la wasomaji wengi wa ukurasa huu. Nilijiambia: sasa nitakuwa huru. Nitafanya mazoezi mwili utakaponiambia.

Mwili wangu haukuniambia kitu kwa muda wa miezi mitano.

Ulikuwa na mengi ya kusema kuhusu chai na mandazi. Kuhusu mazoezi ulikaa kimya. Asubuhi uliniambia jioni kutakuwa na wasaa. Jioni ukaniambia jua lilikuwa kali mno mchana, pumzika. Wikendi niliketi ndani ya matatu kwenda Nairobi, nikaketi Umoja, nikaketi ndani ya matatu kurudi. Nilipopimwa tena, ile nambari ya juu ilikuwa 162, licha ya vidonge. Nesi hakufanya mzaha mara hii.

Jambo lililonifungua macho lilitoka kwa mbuzi.

Ndengu zinapokuwa shambani, hapa mbuzi hawaachwi kuzurura. Kila asubuhi Cucu hupigilia kigingi ardhini kwa jiwe, akamfunga mbuzi wake mmoja mkorofi kwa kamba. Jioni moja nilikuwa nimeketi mlangoni nikisahihisha mitihani, nikamwona akifungua kamba ile na kuunganisha kipande kingine ili iwe ndefu. Nikamuuliza sababu, kwa kutaka mazungumzo tu.

"Mwalimu," akasema, "kamba ikiwa fupi, mbuzi humaliza nyasi za mduara wake, halafu hulia mchana kutwa, na mwishowe huikata. Akiikata, kesho niko kwa chifu nikilipia ndengu za watu."

"Na kigingi?"

"Kigingi ni kile kile. Mimi huhamisha mahali tu."

Cucu hakuwa akizungumzia presha yangu. Alikuwa akizungumzia mbuzi. Lakini niliweka kalamu nyekundu chini. Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa kigingi chenye kamba ya shibri moja. Uhuru wangu wa miezi mitano ulikuwa mbuzi asiyefungwa popote, na ndengu zilizoliwa zilikuwa zangu mwenyewe.

Niliporudi Nairobi likizo ile nilimhadithia binti yangu anayesoma chuoni, naye, kwa vile vijana wa siku hizi wanajua kupekua, akanitafutia mambo. Baadhi yake nitakupa, kwa sababu yalinituliza moyo.

La kwanza ni utafiti uliofanywa katika chuo cha University College London, ukaongozwa na Phillippa Lally na kuchapishwa mnamo 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, kama vile kula tunda au kukimbia kidogo, nao wakafuatiliwa kuona litachukua muda gani kuwa mazoea. Kwa wastani ilikuwa siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa mno: kuna waliokadiriwa kuhitaji siku 18 na waliokadiriwa kuhitaji 254. Kilichonigusa zaidi ni hiki: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Mraba mmoja mweupe si kitu! Nililazwa mkokotenini kwa ajili ya kitu ambacho sayansi inasema si kitu. Angalia pia walichopewa watu wale. Kila mmoja alifungamanisha jambo lake na tukio la siku, kama vile "baada ya kifungua kinywa". Hakuna aliyeambiwa "saa kumi na moja kamili".

La pili ni la Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za shughuli ya nguvu, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hesabu ni ya wiki. Tena hapo awali walikuwa wakisema kwamba zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halihesabiwi. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Ngazi za gorofa unazopanda na mifuko ya sokoni zinahesabiwa. Kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwako kunahesabiwa.

La tatu nililijua nusu. Wakimbiaji wetu kule Iten wana zoezi maarufu la Alhamisi asubuhi liitwalo fartlek. Neno hilo ni la Kiswidi, maana yake mchezo wa kasi, na lilianzishwa na kocha Gösta Holmér katika miaka ya 1930. Unakimbia kwa nguvu kidogo, unapunguza, unaongeza tena, pasipo kusimama. Siku haibadiliki, wala kundi halimsubiri aliyelala. Lakini wakishaanza, kila mmoja hujipimia mwendo, na asiyeweza leo hurudi nyuma kundi likaenda. Na hawa ni watu wanaotafuta dhahabu. Mimi natafuta tu kuendelea kushika chaki kwa mkono wa kulia.

Basi nilichofanya ni hiki, na wewe utapima kama kinakufaa.

Kigingi changu si saa, ni viatu. Nikirudi kutoka shuleni na kuvua viatu vya kazini, sikai kitini kabla ya kuvaa raba. Iwe saa kumi, iwe saa kumi na mbili. Nimegundua kwamba adui yangu hakuwa jua wala kazi, alikuwa kile kiti. Nikishakikalia tu, siku imekwisha.

Kamba ni ndefu. Siku nyingine natembea kwa haraka nusu saa kwenye barabara ya vumbi. Siku nyingine naenda kuchota maji na Cucu, naye hucheka kwamba kuna watu wanaosomea jinsi ya kuchoka. Mvua ikinyesha naruka kamba chini ya mabati ya veranda. Jumamosi nikiwa na nguvu naelekea Kiang'ombe, na nikiwa Nairobi napanda na kushuka ngazi za gorofa yetu mara 8, majirani wakidhani nimefungiwa mlango. Mara mbili kwa wiki nainua mitungi ya lita 5 iliyojaa maji. Mwisho wa wiki najumlisha dakika. Zikifika 150, nimefaulu, hata kama Jumanne ilikuwa tupu.

Lakini kuna swali gumu, na mke wangu aliniuliza bila kuzunguka: "Utajuaje kama unajilegezea kwa busara au unajidanganya?" Hapo ndipo mipango mingi ya watu huzama, kwa sababu uvivu una ulimi mtamu kuliko busara. Sina jawabu kamili. Nina mbinu mbili tu.

Nisipotaka kutoka, huvaa raba nikatembea dakika 10. Kuna mwembe kando ya njia, mwendo wa dakika 5. Nikifika mwembeni na mwili bado unakataa, narudi nyumbani kwa heshima na siku inahesabiwa. Katika mwaka mzima nimerudia hapo mara 9. Siku nyingine zote, nikishafika, miguu huwa imesahau malalamiko yake. Homa ndiyo peke yake isiyopelekwa mwembeni.

Ya pili: siku nikikosa, naandika sababu kwenye daftari, neno moja tu. Wageni. Mvua. Matanga. Mkutano. Baada ya miezi miwili niliona neno "mkutano" limejirudia kila Jumatano. Hiyo haikuwa ajali tena, ilikuwa kigingi kilichopigiliwa mahali pabaya. Nikafanya kama Cucu, nikakihamisha: Jumatano hutembea alfajiri. Bila daftari ningeendelea kujiita mvivu kila Alhamisi. Na nikikosa siku mbili zikifuatana bila ugonjwa wala msiba, ya tatu sijadili na mtu.

Wewe uliye Kayole na unafanya kazi ya zamu, usiige alfajiri ya jirani yako. Tafuta tukio ambalo halikosekani katika siku yako, hata kama saa yake huhama, ulifungie hapo. Mwanafunzi, mitihani ikikaribia punguza dakika lakini usifute siku. Siha ya pumzi huanza kupungua baada ya wiki mbili hivi za kukaa bure, na majuma ya mitihani huwa zaidi ya mawili. Na tafadhali, anayemeza vidonge vya presha asiviache kwa kuwa ameanza kutembea. Mazoezi ya kawaida huweza kuteremsha ile nambari ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Hizo ni nyingi, ila mimi nilihitaji zaidi ya hizo, na bado nameza vyangu kila usiku.

Mara ya mwisho nilipopimwa ilikuwa 134 kwa 84. Nesi aliandika bila kufunga kitambaa mara ya pili.

Nimebakiza miaka mitatu nifike 54. Siku nyingine hulala nikiutazama mkono wangu wa kulia. Mke wangu bado anaona mwembe ule uko karibu mno na nyumbani, na huenda ana haki. Ile karatasi ya manila nilimpa Cucu, naye akaitandika chini ya kuku anayeatamia, upande wa rangi ukiwa juu.

Yule kijana wa punda bado hupeleka maji. Tunapokutana jioni pale korongoni, mimi na raba zangu, yeye na mkokoteni wake, hupunguza mwendo kidogo, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha huuliza kwa adabu zote:

"Mwalimu, leo utarudi mwenyewe ama nikusubiri?"